Mzee Hatunzwi na Ukoo, Hutunzwa na Mtu Mmoja

Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, hotuba hufanana. Wazee ni hazina, vijana wa siku hizi wamepotoka, zamani mzee hakuachwa peke yake. Watu wanapiga makofi, wazee wanagawiwa sabuni, mchele na vitenge, picha zinapigwa, shughuli imekwisha. Sisemi hotuba hizo ni uongo. Kasoro yake ni kulifanya jambo zima kuwa suala la tabia, kana kwamba vijana wakishatubu presha ya mzee itashuka yenyewe.

Watoto wengi wanawapenda wazazi wao na wanatuma walichonacho. Kinachokosekana ni mpangilio: nani hasa yupo na mzee usiku, nani anajua dalili ipi ni ya kukimbilia hospitali, hospitali yenyewe inampokeaje, na pesa inamfikia lini. Haya yanarekebishika, tena mengi kwa gharama ndogo, ila si kwa lawama.

Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Waliofikisha miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inauhesabu kuwa ndio uzee, walikuwa takriban milioni 3.5. Sehemu kubwa yao maisha yote walilima, walivua, walichunga au waliuza vitumbua, na hakuna mfuko wowote uliokuwa ukiwakata mchango. Pensheni ya mifuko ya hifadhi ya jamii kama PSSSF au NSSF wanaisikia kwa majirani waliokuwa walimu.

Mwenye pesa na mwenye kufua

Sera hiyo ya wazee inasema familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 57, inataja familia na Serikali kwa pamoja. Ni sawa. Lakini ingia nyumba yoyote yenye mzee asiyeweza kujihudumia, utakuta mtu mmoja: binti aliyeachika akarudi kwao, mke wa mtoto wa mwisho, mjukuu aliyemaliza kidato cha nne na hana pa kwenda, au dada wa kazi aliyeletwa kwa ajili ya watoto akakuta kuna na bibi. Huyo ndiye familia. Waliobaki ni wachangiaji.

Tazama kundi la WhatsApp la ndugu. Aliyetuma elfu hamsini kutoka Mwanza, au dirham kadhaa kutoka Dubai, anauliza kwa nini mama amepungua kwenye picha. Aliyeamka saa nane usiku kubadilisha shuka hana cha kuandika, amelala. Uamuzi uko kwa mwenye pesa, ujuzi uko kwa mwenye kufua, na hao wawili hawakutani isipokuwa siku ya msiba. Ndipo unasikia mtu anaamuru kwa simu mzee apelekwe hospitali fulani ya mjini, bila kujua kwamba kumtoa kitandani tu hadi kwenye bajaji kunahitaji watu watatu.

Kikao cha familia kinachofaa hakianzi na mchango wa fedha. Kinaanza na saa. Usiku nani yupo? Siku ya kliniki nani anakwenda naye? Huyu anayemhudumia anapumzika siku gani, na siku hiyo anashika nani? Anayelala na mzee amekwisha kuchanga, tena zaidi ya wote, na kumdai elfu kumi ya mwezi ni kutojua hesabu. Ndugu wa mbali asiyeweza kuja kila mwezi anaweza kuja wiki moja ya likizo kumpokea dada yake zamu, si kuja kukagua na kupikiwa pilau.

Kama anayehudumia ni dada wa kazi, mshahara wa kulea mtu mzima hauwezi kuwa ule ule wa kuosha vyombo. Na afundishwe. Mzee asiyejigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ya makalio, visigino na nyonga inaanza kuwa nyekundu, kisha inachubuka, kisha kinakuwa kidonda ambacho kukiponya ni kazi ya miezi. Kumnyanyua kuna namna yake: miguu yako ikunjwe, mgongo unyooke, yeye akushike begani, siyo wewe umvute mikono.

Uchovu wa mhudumu ndio mlango wa unyanyasaji mwingi wa wazee majumbani. Mara chache ni ukatili wa kukusudia. Mtu aliyechoka anafoka. Halafu anaanza kupunguza maji ya jioni ili mzee asikojoe usiku. Linaonekana jambo dogo, na huko ndiko matatizo ya sehemu inayofuata yanakoanzia.

“Ni uzee tu”

Hakuna maneno yaliyowaumiza wazee wetu kama hayo matatu. Mzee haoni vizuri: ni uzee tu. Anaanguka anguka: ni uzee. Amekonda, hali, hataki kuongea na mtu: umri umekwenda. Uzee upo, sikatai, na mwili unapungua nguvu. Lakini mengi tunayomtwika mzee kwa jina la umri ni maradhi yenye tiba, au angalau yenye nafuu.

Tuanze na presha, maana ndiyo iliyowapata wengi. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta watu karibu 7 kati ya 10 wenye miaka 70 na zaidi wana shinikizo la juu la damu. Hai ni vijijini, ni watu wa migomba na kahawa, si wale tunaowadhania kuwa wa “magonjwa ya kitajiri”. Wengi wao hawakuwa wanajua kama wanayo, na waliokuwa kwenye dawa na presha yao kutulia walikuwa wachache sana. Presha haiumi. Mzee anapewa dawa ya mwezi, anajisikia vizuri wiki ya pili, anaona si haki kumeza dawa ilhali amepona, anaziweka akiba. Kisha asubuhi moja mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Dawa ya presha si kama ya malaria. Haina siku ya kumaliza dozi, na mtu wa kumweleza hivyo taratibu, mara mbili tatu, mara nyingi hakuwepo kliniki.

Ukitaka kujua hali ya mzee, mwombe akuonyeshe dawa zake. Utaletewa kopo la biskuti. Ndani mna vidonge vya presha kutoka vituo viwili tofauti, majina mawili, kazi moja. Bahasha za karatasi zilizoandikwa “1x2” bila jina la dawa. Kipande cha mzizi. Na pakiti nzima ya diklofenaki iliyonunuliwa duka la dawa muhimu kwa sababu ya magoti. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonitisha. Dawa za maumivu za aina hiyo, zikimezwa kila siku na mtu mzima wa miaka 75, zinaumiza figo, zinachimba tumbo na zinapandisha ile presha anayoitibu kwa vidonge vingine. Kopo lote libebwe siku ya kliniki. Daktari anayeliona kopo anafanya kazi tofauti na anayesikia tu, “natumia zile nyeupe.”

Sasa lile la maji. Mzee hasikii kiu kama kijana. Akipunguziwa maji, au akipata maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia au malaria, au sukari yake ikishuka, mara nyingine ishara ya kwanza haiwi homa. Ni akili kuvurugika. Mtu aliyekuwa timamu juzi leo anaongea na dada yake aliyezikwa miaka ishirini iliyopita, anavua nguo, anamkataa mwanawe. Nyumbani wanasema amechanganyikiwa kwa uzee, au amechezewa, na safari ya kwanza inakuwa kwa mganga. Kanuni ni rahisi: kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, ni dharura ya hospitali kama kiharusi kilivyo dharura. Kikishughulikiwa chanzo, wengi hurudi kuwa watu wale wale.

Kusahau kunakokuja polepole kwa miaka ni jambo jingine. Hai hiyo hiyo, watafiti walipowapima wenye miaka 70 na zaidi, waliona takriban 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa akili kupungua uzeeni, ule unaoanza na kurudia swali moja na kuishia na kutomjua mke. Hakuna dawa ya kuuponya. Ila kuna namna ya kuishi nao: ratiba isiyobadilikabadilika, taa usiku, mlango wa choo ulio wazi, kutobishana naye kuhusu mwaka gani huu. Kilimanjaro walijaribu pia vikao vya vikundi ambapo wazee wenye hali hii hukutana na kuchangamshwa kwa mazungumzo, kumbukumbu na michezo, na waliohudhuria walionyesha nafuu. Hakuhitajiki mashine. Panahitajika ukumbi, viti na mtu aliyefundwa.

Familia isipojua ugonjwa huu upo, itautafutia maelezo mengine. Bibi anayetangatanga usiku na kuzungumza peke yake, katika baadhi ya maeneo, hutafutiwa jina la mchawi. Usukumani vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizo kwa miaka mingi, na moja ya “ushahidi” ulikuwa macho mekundu, ambayo mara nyingi ni kazi ya miongo ya kupikia kuni na samadi kwenye jiko lisilo na dirisha. Polisi na mahakama wana kazi yao hapo. Lakini muuguzi wa zahanati anayeweza kusema mbele ya watu, “huyu mama anaumwa, na macho yake ni moshi,” naye analinda maisha.

Kuanguka kunastahili makala yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na walio hatarini zaidi ni waliovuka miaka 60. Kwetu mahali pa hatari panajulikana: choo. Kiko nje, ni usiku, hakuna taa, sakafu ya saruji imelowa, kandambili zimekwisha soli, na tundu ni la kuchuchumaa ilhali magoti hayakunjiki. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu la kukaa juu ya shimo kwa siku moja. Kipande cha bomba la chuma kilichofungwa ukutani kwa saruji, taa ndogo ya sola, viatu vya kufunga nyuma. Familia hiyo hiyo inayosema haina pesa ya bomba ndiyo itakayochangishana mamilioni nyonga ikivunjika.

Na ikivunjika, isipelekwe kwa mfunga mifupa. Nyonga ya mzee kwa kawaida inataka upasuaji, mapema, kwa sababu kinachomuua si mfupa. Ni kulala: kifua kinajaa, damu inaganda miguuni, vidonda vinafumuka.

Macho nitayapitia haraka maana habari yake ni njema. Mtoto wa jicho, chanzo kikubwa cha upofu kwa wazee, huondolewa kwa upasuaji mfupi na kuwekewa lenzi, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili yake. Hospitali za CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi zimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mzee aliyekaa kipofu miaka minne kwa mtoto wa jicho alikosa taarifa au nauli. Hakukosa tiba.

Matibabu bure, dawa hakuna

Tanzania ina sera ya kuwatibu bure wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Utaratibu unajulikana: serikali ya kijiji au mtaa inamtambua, ofisa ustawi wa jamii anahakiki, anapewa kitambulisho, na hospitalini kuna dirisha la wazee. Wengi wamefaidika, na anayesema sera hii ni karatasi tupu hajawahi kukaa kwenye foleni hiyo.

Inakwama baada ya dirisha. Mzee anamwona daktari bure, anapimwa bure, kisha anaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Hapo ndipo bure inapoisha. Kwa ugonjwa wa wiki moja ingevumilika. Kwa presha na kisukari ni kila mwezi, pamoja na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, yake na ya anayemsindikiza.

Ukitazama kwa jicho la mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo cha afya, utaelewa kwa nini. Kituo kinanunua sehemu ya dawa zake kwa mapato ya wagonjwa wanaolipa na wenye bima. Mgonjwa aliyesamehewa malipo anatumia dawa hizo na hakuna anayerudisha fedha. Kadiri kituo kinavyotii sera kwa uaminifu, ndivyo kinavyofilisika. Hakuna semina ya maadili itakayotibu hesabu hiyo. Ndiyo sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ina maana kubwa kwa wazee kuliko kwa kundi jingine lolote: ikitekelezwa inavyotakiwa, asiye na uwezo analipiwa, na kituo kinamwona kama mteja aliyekuja na malipo yake. Utekelezaji ndio wa kuufuatilia, hasa swali moja: fedha za kuwalipia wasio na uwezo zinafika vituoni kwa wakati?

Jingine ni wataalamu. Tuna kliniki ya mama na mtoto hadi kwenye zahanati ya kijiji, na kadi ya mtoto inajulikana na kila mtu. Mzee hana kadi ya namna hiyo. Hakuna anayempima macho, masikio, uzito, mwendo na kumbukumbu kwa siku moja mara moja kwa mwaka, ingawa vipimo hivyo havihitaji zaidi ya mzani, bango la herufi, kiti cha kusimama na kukaa, na maswali machache. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayetembelea wajawazito angeweza kupita na kwa bibi wa nyumba ya pili.

Makao ya wazee nayagusa kidogo tu, kwa kuwa ni wachache wanaoishi humo. Yapo ya Serikali, kama Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga na Bukumbi Mwanza. Zanzibar wana Sebleni na Welezo. Ni kimbilio la asiye na mtu kabisa. Anayedhani kujenga mengine mengi ndilo jibu ajiulize kwanza gharama ya mzee mmoja ndani ya makao kwa mwezi, kisha ailinganishe na kiasi ambacho kingemtosha akiwa kwake.

Elfu chache zisizokatika

Hapo tunafika kwenye pesa, ambako mimi naona ndiko kwenye mabadiliko makubwa kuliko yote. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wote wenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka hazina yake yenyewe. Wote: tajiri, maskini, aliyekuwa mwalimu, aliyekuwa mvuvi. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000.

Kwa nini wote? Watu wengi huuliza hivyo, wakiona ni upotevu kumpa na mwenye nyumba ya ghorofa. Jaribu kuchagua maskini katika shehia, yaani mtaa au kijiji cha Zanzibar, ambayo karibu kila mtu ni maskini. Unahitaji madodoso, wakaguzi, kamati, na mwisho jirani wawili wenye hali moja wanatofautiana jina tu kwenye orodha, mmoja amepata mwingine hajapata, na sheha anachukiwa maisha. Umri na ukaazi vinahakikiwa kirahisi zaidi, ingawa hata umri una kazi yake kwa watu waliozaliwa bila cheti na wanaohesabu miaka kwa njaa, vita na Mapinduzi.

Kenya nayo ina Inua Jamii, ambayo tangu 2018 iliwafungulia wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Malalamiko makubwa ya wazee kule yamekuwa ucheleweshaji, malimbikizo ya miezi kadhaa yanayolipwa kwa mkupuo. Uganda inatoa 25,000 za kwao, lakini katika kuueneza mpango nchi nzima umri uliwekwa miaka 80. Mimi naona umri huo ni namna ya kuahidi bila kulipa: mkulima aliyeshika jembe tangu akiwa na miaka saba na akafika 80 ni mtu adimu.

Kiasi ni kidogo, kweli. Lakini pesa ndogo inayokuja tarehe inayojulikana haifanani kabisa na msaada mkubwa wa mara moja. Nshamba wilayani Muleba, mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa pensheni ndogo wazee, wengi wao bibi waliobaki na wajukuu baada ya UKIMWI kuondoa watoto wao. Ilipofuatiliwa pesa imekwenda wapi, ilikutwa kwenye chumvi, sabuni na mahitaji ya shule ya wajukuu. Mwenye pesa ya uhakika anakopeshwa dukani, maana muuza duka anajua atalipwa. Anaacha kwenda kulima kibarua akiwa na miaka 74. Na nyumbani, mtu anayeweza kununua sukari yake haitwi mzigo.

Ila pesa ya mzee inavuta watu. Siku hizi inaingia kwenye simu, na simu iko kwa mjukuu, na namba ya siri anaijua mjukuu kwa sababu “bibi haoni vizuri.” Ukienda kutoa, ni wakala na mjukuu wanaozungumza, bibi amekaa kwenye benchi. Dawa yake ni ya kawaida kabisa. Mzee mwenye akili timamu abonyeze namba yake mwenyewe, hata ikichukua dakika tano na foleni ikiguna. Kama hawezi, awateue mwenyewe watu wawili wasio wa nyumba moja, mmoja atoe, mwingine asomewe ujumbe wa muamala siku hiyo hiyo. Na kabla ya kununua chochote kwa pesa hiyo, hata kama ni godoro zuri la kuzuia vidonda, aulizwe anataka nini. Wapo watakaosema godoro. Wapo watakaosema wanataka nauli ya kwenda kumwona dada yao Pangani, na ni pesa yao.